Treni za baba hazina bei? Basi nipeni mimi

Wadau, leo hapa kibarazani hakuna habari za Baraza la Wawakilishi wala za bei ya mafuta. Leo nina hasira ya nyumbani. Nimeinyamazia wiki tatu nzima, nimeshindwa. Kwa hiyo vuta kiti, agiza kahawa, unisikilize.

Marehemu baba alikuwa baharia. Alipanda meli za mizigo kuanzia 1988 mpaka 2004. Kila akirudi Chake kwa likizo, mkoba wake ulikuwa na vitu vitatu: sabuni za mama, chokoleti za kugombaniwa, na kiboksi kidogo cha treni ya kuchezea. Safari hii kichwa, safari ijayo behewa, safari nyingine vipande vya reli. Vingine kavinunua Hamburg, vingine Southampton. Miaka kumi na sita ya bahari ikawa makasha mawili ya bati chini ya kitanda, nyumbani kwetu Madungu.

Fikiria jambo hilo kidogo. Pemba haijawahi kuwa na reli ya abiria. Wenzetu wa Unguja angalau walikuwa na gari moshi lao la Bububu, lililoanza 1905 na kufa mwishoni mwa miaka ya 1920, nao mpaka leo wanajisifia nalo. Sisi hatukupata hata hilo. Lakini watoto watatu wa Madungu walijua kuunganisha mabehewa kabla hawajajua kuendesha baiskeli. Ijumaa baada ya sala baba alikuwa akitandika reli ukumbini, anazungusha kitasa cha transfoma, na treni inaanza kuzunguka miguu ya meza. Hiyo ni kama umeme upo, maana wakati huo Pemba iliishi kwa majenereta ya dizeli ya Wesha, na waya wa chini ya bahari kutoka Tanga haukutufikia mpaka 2010. Umeme ukikatika, treni ilisimama njiani na baba alitangaza: "Abiria wote mnaombwa kuwa na subira." Tunacheka, tunasubiri.

Baba alifariki mwaka jana. Mungu amrehemu.

Sasa tuje kwenye hasira.

Eda ya mama ilipokwisha, tulikaa kuzungumza mirathi. Tupo mama, kaka, dada yangu anayeishi Maskati (alikuwepo kwa simu), na mie. Ami naye alikuja kusimamia. Nyumba ikaandikwa. Shamba la mikarafuu likaandikwa. Pikipiki ikaandikwa. Nikauliza: "Na treni?" Kaka akatabasamu. "Zile ni kumbukumbu ya baba, dada yangu. Zile hazina bei." Ami akatikisa kichwa kukubali. Daftari likafungwa, na makasha mawili yakahamia kwa kaka Machomane jioni ileile.

Nikasema: "Kama hazina bei, basi nipeni mimi."

Kimya! Ungedhani nimetukana. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba neno "halina bei" lina maana mbili katika mji huu. Likisemwa na asiye na kitu, lina maana kitu hicho kinapendwa. Likisemwa na aliyekwishakishika, lina maana msiniulize.

Nataka nilipigie kelele hili, maana najua si nyumbani kwetu tu. Anakufa mzee, vitu vikubwa vinaandikwa kwa wino: nyumba, shamba, gari. Kisha vile vidogo vinayeyuka. Saa ya ukutani, redio ya mbao, sarafu za zamani, vitabu, cherehani, kasha la njumu. Ukiuliza, unaambiwa "kumbukumbu". Na ajabu ya kumbukumbu hizi ni kwamba nyingi zinajua njia ya kwenda kwa watoto wa kiume! Sijawahi kusikia kumbukumbu iliyomkimbilia binti aliyeolewa Konde.

Jamani, tunasoma Kurani au tunaipamba ukutani? Aya ya saba ya Sura ya An-Nisaa imewapa wanaume fungu na wanawake fungu katika walichoacha wazazi, kiwe kidogo au kiwe kingi. Kidogo kimetajwa makusudi, maana penye kidogo ndipo watu wanapoibiana bila kujiona wezi. Linatoka deni la marehemu, gharama za maziko na wasia usiozidi theluthi. Kinachobaki chote ni cha warithi, hata sindano.

Kaka alikuwa na hoja ya pili: "Baba alininunulia mie. Treni ni mchezo wa kiume." Haya, tuipime kwa haki. Zawadi aliyotoa mtu akiwa hai kweli haiingii kwenye mirathi. Lakini zawadi si maneno ya barazani. Mtoaji atoe, mpokeaji apokee, kitu kikabidhiwe. Mtoto mdogo babake anaweza kumpokelea, sawa, ila ijulikane kwamba kampa yeye. Sisi ufunguo wa makasha yale ulilala mfukoni mwa baba mpaka siku alipolazwa. Na kila mgeni aliyeuliza alijibiwa "za watoto wangu". Watoto ni watatu. Kuhusu mchezo wa kiume, naomba kaka akumbuke ni nani aliyekuwa analala kifudifudi chini ya meza kumrudishia mabehewa relini yalipoanguka. Hakuwa yeye. Yeye alikuwa mkubwa wa stesheni.

Basi, nikasema tukadirie. Na hapo ndipo nilipokutana na ujinga wa aina tatu, wa kaka ukiwa wa kwanza.

Wa pili ni wa mnunuzi wa vitu vya kale, wale wanaozunguka vijijini wakiulizia makasha, viti na milango, kisha vitu hivyo unakuja kuviona madukani Mji Mkongwe vimepakwa mafuta, na bei imeandikwa kwa dola. Alikuja, akafungua kasha, akakunja uso. "Midoli hii, sista. Elfu sitini yote, nakusaidia tu." Mtu akikuambia anakusaidia huku anatoa pochi, mshike mkono.

Wa tatu ni wetu sisi tuliosoma, sisi wa intaneti. Rafiki yangu mmoja, ana digrii na simu kubwa, aliangalia picha moja akaingia mtandaoni. Dakika mbili baadaye alikuwa anaruka: "Shoga, milioni kumi na tano! Mwone huyu anauza kichwa kama hiki!" Kweli yupo anayekiuza. Yupo, na atakuwepo mpaka Kiyama, kwa sababu hakuna anayemnunulia. Bei anayoitaka muuzaji ni ndoto yake. Bei iliyolipwa ndiyo habari. Mwandishi yeyote aliyewahi kufukuzia habari anajua tofauti ya alichosema mtu na kilichotokea.

Sasa tazama: sifuri, elfu sitini, milioni kumi na tano. Makasha ni yaleyale. Na kila mmoja ana uhakika!

Tena sisi ni Wapemba. Sisi ni watu wa karafuu! Hakuna mtoto wa kisiwa hiki asiyejua kwamba mzigo haukadiriwi kwa kuutazama. Karafuu inaanikwa, inapimwa unyevu, inapangwa daraja, inatengwa na makonyo. Na hata makonyo hayatupwi. Kiwanda kipo Wawi kinayakamua mafuta. Babu zetu walijua bei ya Shirika na bei ya Mombasa kiasi cha kuvuka bahari usiku kwa ngarawa za magendo. Watu wenye historia hiyo leo wanashindwa kukadiria kasha la treni, wanaishia kusema "kumbukumbu"? Si kushindwa huko. Ni kutotaka.

Basi nilifanya mwenyewe, kwa wiki mbili, usiku baada ya kazi. Nawaandikia nilichojifunza, maana kesho litakuwa kasha la stempu la kwenu, au kamera ya babu, na kanuni ni zilezile.

Kwanza, orodha. Kila kipande, namba yake, jina la kiwanda. Nililigeuza kila behewa na kulisoma tumbo kwa tochi ya simu. Nilipata vichwa 4, mabehewa 23, transfoma 2 na reli za kujaza ukumbi. Vya Hamburg ni Märklin, kiwanda cha Ujerumani kilichoanza 1859. Vya Southampton ni Hornby, jina lililotokana na Frank Hornby wa Liverpool, aliyeanza kuuza treni 1920. Märklin zetu ni za kipimo cha 1 kwa 87, Hornby ni 1 kwa 76. Ajabu ni kwamba upana wa reli ni uleule, milimita 16.5, lakini haziwezi kutembea pamoja. Märklin hii inatumia umeme wa kwenda na kurudi na inachota kwenye vinundu vya katikati ya njia. Hornby inatumia umeme wa upande mmoja kwenye reli zake mbili. Ukichanganya, ama haitembei ama unapiga shoti. Kwa hiyo aliyeniambia "uza yote kama seti moja" alitaka niuze seti mbili kwa bei ya nusu.

Pili, hali. Hapa hewa ya bahari haina huruma. Magurudumu kadhaa yameota kutu, waya za transfoma moja zimekauka. Kaka alitaka kusugua kwa msasa na kupaka rangi "ziwe mpya". Nilimzuia kwa kelele. Mkusanyaji anataka rangi ya kiwandani hata kama imechubuka; ukipaka rangi yako umeua nusu ya bei. Na maboksi, enyi watu, msitupe maboksi! Kitu kilekile kikiwa na boksi lake la asili na karatasi zake kinaweza kupita kwa mbali kilicho uchi. Baba alitunza maboksi tisa. Mengine tulichanachana wenyewe kutengeneza stesheni. Utoto ule una gharama yake, nimeiona kwa macho.

Tatu, uhaba. Hili ndilo linalowaumiza wengi. Ukongwe si uhaba. Treni za bati za kabla ya Vita Kuu ya Pili, zile kubwa za Märklin, huuzwa kwa maelfu ya euro mnadani. Lakini za miaka ya 1980 na 1990 zilitengenezwa kwa wingi mno, na waliozipenda wanazeeka. Watoto wao Ulaya nao wana makasha darini na wanataka kuyauza, kwa hiyo vitu ni vingi kuliko wanunuzi. Märklin yenyewe iliomba ulinzi wa kufilisika Februari 2009, ikaja kununuliwa na kampuni nyingine ya midoli 2013. Kama mwenye kiwanda alitikisika, wewe unatarajia milioni kumi na tano kutoka Madungu?

Nne, bei zilizolipwa. Kwenye eBay kuna sehemu ya kuchuja uone vilivyouzwa kweli, si vinavyotangazwa. Nilichukua kila kipande chetu, nikatafuta ndugu zake wenye hali kama hiyo, nikaandika bei kadhaa za mauzo. Nikatupa ya juu kabisa na ya chini kabisa, nikachukua ya katikati.

Tano, makato. Kitu kilichouzwa Ujerumani hakijauzwa Chake Chake. Kuna kutuma, kuna ada ya mtandao, kuna benki kubadilisha fedha, kuna kipande kitakachovunjika njiani. Nikayatoa yote.

Jumla? Shilingi laki nane. Si sifuri. Si elfu sitini. Wala si utajiri. Mnunuzi yule alitaka kuchukua mzigo kwa chini ya sehemu moja ya kumi, na rafiki yangu wa digrii aliuvimbisha karibu mara kumi na tisa. Ukweli ulikuwa pale katikati, umekaa kimya, unasubiri mtu mwenye subira.

Nikapeleka karatasi kwa ami. Laki nane: mama thumuni yake, laki moja. Inabaki laki saba, mafungu manne. Kaka mawili, laki tatu na nusu. Dada na mie fungu mojamoja, laki moja na sabini na tano elfu kila mtu. Ami alivaa miwani, akasoma, akavua miwani. "Mwanangu, kwa laki na sabini na tano unataka kugombana na nduguyo?"

Swali hilo nimelisikia sana nikiandika habari za mahakama, na siku zote anaulizwa anayedai, haulizwi anayeshikilia. Kwa nini? Kama fedha ni kidogo kiasi hicho, kwa nini isiwe rahisi kuitoa? Nikamjibu kwa adabu, maana ami ni baba: "Ami, mie sigombani. Mie nahesabu. Anayeona kuhesabu ni ugomvi ndiye ana jambo."

Najua mtakachoniandikia. Mtasema nimeupa utoto wetu bei. Mtasema Ijumaa zile za ukumbini, sauti ya baba, giza la Wesha, vinaingiaje kwenye jedwali? Haviingii! Na sikuviingiza. Nilichokadiria ni bati, plastiki na waya. Sauti ya baba tuligawiwa sote sawasawa siku ileile aliyoitoa, hakuna wa kumnyang'anya mwenziwe. Wanaochanganya mambo haya mawili ndio wanaotumia mapenzi kama pazia. Ukitaka kulinda kumbukumbu, ondoa kwanza dhuluma iliyokaa juu yake. Mie nisingeweza kuitazama treni ile ikizunguka Machomane huku najua mama hakuulizwa hata neno.

Na wapo wa upande wa pili, wale wa "piga bei, gawana, maisha yasonge". Nao siwaungi mkono. Makadirio hayakulazimishi kuuza. Yanakuwezesha kuamua macho yakiwa wazi. Kitu ukikijua bei unaweza kukiacha kwa moyo safi, unaweza kumsamehe nduguyo, unaweza kukinunua. Usichokijua bei huwezi hata kukisamehe, maana hujui umesamehe nini. Mama alipoona karatasi alisema, "Laki yangu nampa mwanangu, akae na treni za babake." Hiyo ndiyo hiba! Kaitoa akijua anatoa nini, mbele ya watu. Tofauti na jioni ile makasha yalipobebwa, ipo au haipo?

Kaka alinuna siku nne. Siku ya tano alipiga simu. Hakuomba radhi, sisi hatuna mila hiyo, lakini aliuliza kama anaweza kulipa kwa mafungu. Dada wa Maskati kakubali. Nami nimekubali. Hamsini elfu ya kwanza imeingia kwenye simu yangu juzi, na nimemwandikia risiti. Amecheka. Nimempa hivyo hivyo.

Jambo moja niliomba: behewa la kahawia la Hamburg, lile la kwanza kabisa, lenye gurudumu lililopinda. Kaka akasema, "Chukua tu, hilo bovu." Nikamwambia hapana. Kwenye orodha limeandikwa elfu kumi na mbili, basi nimelikata kwenye fungu langu. Sasa lipo juu ya meza ninayoandikia, na hakuna mtu duniani ninayemdhulumu kwa kulitazama.

Kwa hiyo, wewe unayesoma hapa ukiwa Dar, Nairobi, Maskati au Wete: mzee wako akiwa hai, kaa naye, andikeni vitu vyake na muulize kila kimoja ni cha nani. Kama kashatangulia, usikubali daftari lifungwe kabla ya kuuliza "na vile vidogo?" Watakuona mkorofi. Na mtu akikuambia kitu hakina bei, usibishane naye. Nyoosha mkono tu, useme: basi nipe mimi.

Naomba kuwasilisha.